Nembo yangu kwenye cheti cha umeme: ikae wapi, na nini hasa kinakipa cheti uhalali?

SWALI: Mimi ni fundi umeme. Dar es Salaam nilifanya kazi kwa leseni ya EWURA, sasa naishi Leicester, na juzi nimekubaliwa kwenye mojawapo ya mashirika yanayosajili mafundi hapa Uingereza. Nimefungua kampuni ndogo na nina nembo yangu. Wenzangu wengine wanatumia vyeti vya shirika lao, wengine programu ya simu, na mmoja ametengeneza vyake kwa Excel. Je, cheti chenye nembo yangu kitakuwa halali? Naweza kuweka nembo ya shirika pembeni yake? Na je, nikigonge muhuri?

JIBU: Ndugu yangu, hongera kwa usajili. Kwa ufupi, cheti chenye nembo yako ni halali kikijazwa na kusainiwa inavyotakiwa. Nembo ya shirika unaweza kuiweka, ila kwa kazi zilizo ndani ya wigo wa usajili wako tu. Muhuri hautakiwi. Kwetu karatasi isiyo na muhuri huonekana haijakamilika, lakini huku hakuna atakayeuulizia, na wino wake mara nyingi huishia kufunika namba ambayo mtu alitaka kuisoma.

Anayesema cheti kiwe na nini si shirika lililokusajili. Ni kanuni za wayaringi, BS 7671, zinazotolewa kwa pamoja na IET (taasisi ya wahandisi) na BSI (shirika la viwango la Uingereza). Toleo la 18 lilitoka 2018 na kuanza kutumika Januari 2019, na limekuwa likirekebishwa tangu hapo. Marekebisho ya pili yalitoka Machi 2022 na ya tatu Julai 2024. Kwenye Kiambatisho cha 6 kuna fomu za mfano, na IET imeziweka kwenye tovuti yake, unazipakua bure. Kanuni zinataka cheti chako kifuate mifano hiyo. Ukitaka kuongeza taarifa, ongeza. Ukitaka kupanga ukurasa upya, panga. Kupunguza ndiko kusikoruhusiwa, na maneno ya tamko ambalo unaweka saini chini yake usiyaguse hata kidogo, kwa sababu hayo ndiyo unayoyaapia.

Kwa hiyo anayekuambia kwamba cheti kisicho na chapa ya shirika la usajili kama NICEIC au NAPIT hakitambuliki anachanganya karatasi mbili. Ya kwanza ni cheti cha kanuni za wayaringi, unachokitoa wewe. Ya pili ni cheti kinachothibitisha kwamba kazi imefuata kanuni za ujenzi, ile sehemu iitwayo Part P, ambayo inahusu nyumba za kuishi za England na Wales. Hiyo ya pili huitoi wewe. Ukimaliza kazi inayopaswa kutolewa taarifa, unaingia kwenye akaunti yako ya shirika, unaandika anwani na aina ya kazi, na shirika linaijulisha halmashauri na kumtumia mteja cheti, yote ndani ya siku 30 tangu kazi ikamilike. Kwa England kazi za namna hiyo ni sakiti mpya, kubadilisha DB (kisanduku cha breka), na kuongeza au kurekebisha kitu karibu na bafu, shawa, bwawa la kuogelea au sauna. Orodha ya Wales ina tofauti zake, kwa hiyo ukivuka mpaka isome upya. Cheti hiki cha pili hubeba chapa ya shirika na hakuna nafasi ya nembo yako. Mteja akisema anataka "cheti cha Part P", mara nyingi anahitaji vyote viwili, na anapouza nyumba mwanasheria wa mnunuzi atauliza vyote viwili.

Sasa uchaguzi wa fomu, maana hata nembo nzuri haiokoi fomu isiyo yake. Wayaringi mpya, sakiti mpya au DB mpya ni kazi ya EIC (Electrical Installation Certificate, cheti cha ufungaji). Kuongeza soketi, kuhamisha swichi au kubadilisha kifaa kwenye sakiti iliyopo ni Minor Works (cheti cha kazi ndogo), na kila sakiti uliyoigusa inapata cheti chake. Kukagua mfumo uliopo bila kufunga kitu ni EICR (Electrical Installation Condition Report), na hiyo ni ripoti, si cheti. Kosa ninaloliona sana ni DB kubadilishwa halafu kutolewa Minor Works kwa sababu ni kurasa chache. Hapo umebadilisha ulinzi wa sakiti zote za nyumba, kwa hiyo inatakiwa EIC pamoja na jedwali la ukaguzi na jedwali la vipimo la kila sakiti.

Kuhusu njia ya kutengeneza vyeti, wenzako wote watatu wako sawa kisheria, ila hawako sawa kwa hatari wanazobeba.

Vyeti vya shirika, iwe vitabu vya karatasi au mfumo wao wa mtandaoni, huja na namba zao za mfululizo na chapa yao. Faida ni kwamba mteja anaitambua chapa na fomu husasishwa bila wewe kufikiria. Hasara ni gharama, na jina lako huwa dogo pale juu. Kwa kampuni mpya ambayo haijulikani mtaani, si njia mbaya kuanza nayo.

Programu ya simu au kompyuta ndiyo ninayopendekeza kwa fundi anayetoa vyeti zaidi ya vichache kwa mwezi. Kabla hujalipa, ijaribu kwa kazi moja halisi uangalie mambo yafuatayo. Je, inafanya kazi bila intaneti? DB nyingi ziko chini ya ngazi au kwenye chumba cha chini ambako simu haipati mtandao. Je, inakataa kutoa cheti chenye visanduku vitupu, au inakuachia tu? Je, ina majedwali ya Zs (ukinzani wa njia nzima ya ethi ya sakiti) za juu zinazoruhusiwa kwa kila breka, ili usizitafute kitabuni kila mara? Na ukiacha kulipia, vyeti vyako vya nyuma unaviondoa vipi? Swali hilo la mwisho watu hawaulizi hadi siku akaunti imefungwa na mteja wa miaka minne iliyopita anapiga simu. Kila mwezi pakua PDF za vyeti vyote uzihifadhi mahali pako mwenyewe.

Excel ya yule mwenzako haikatazwi. Lakini kanuni zinaposema cheti kinaweza kuwa cha karatasi au cha kielektroniki, zinataka pia kuwe na njia ya kuaminika ya kuthibitisha kwamba ni cha kweli, hakijabadilishwa, na kwamba nakala yake inalingana na cha asili. Faili la Excel lililotumwa kwa mteja linabadilishwa na yeyote kwa sekunde tano. Akitaka kuendelea nalo, alifunge kwa nenosiri, atoe PDF, na amtumie mteja PDF tu. Kuna tatizo jingine la kimyakimya: fomula. Mtu anaingiza safu mpya katikati ya jedwali, hesabu zinasogea, na sakiti ya 7 inaonyesha matokeo ya sakiti ya 6. Hakuna anayegundua hadi siku ya mkaguzi.

Kuna dalili moja rahisi ya kiolezo kilichopitwa na wakati. Angalia jedwali la vipimo. Ukikuta RCD (kifaa kinachokata umeme unapovuja) ina safu mbili za muda, moja ya mkondo wake uliotajwa na nyingine ya mara tano, hiyo ni fomu ya kabla ya marekebisho ya 2022. Siku hizi kinachoandikwa ni muda mmoja, unaopimwa kwa mkondo uliotajwa kwenye kifaa, na kwa RCD ya kawaida isiyocheleweshwa usizidi milisekunde 300. Angalia pia kama kuna mahali pa kuandika aina ya RCD, SPD (kinga dhidi ya volti za ghafla) na AFDD (kifaa cha kugundua cheche). Kama hapapo, kitupe kiolezo hicho hata kama kimepambwa vipi.

Tuje kwenye nembo. Sheria yangu ni kwamba chapa inazunguka fomu, haiingii ndani yake. Inakaa kwenye kichwa cha ukurasa na kidogo kwenye mguu. Picha ya nembo iliyofifishwa nyuma ya jedwali la vipimo inapendeza kwenye skrini, lakini ikipigwa kopi mara mbili kwa wakala wa nyumba, 0.38 inasomeka 0.88.

Kwa ukurasa wa A4, nembo yenye upana wa milimita 40 inatosha. Ukichapisha kwa nukta 300 kwa inchi, upana huo unahitaji picha ya pikseli zipatazo 470. Kwa hiyo usipandishe picha ya pikseli 4,000 kutoka kwa mchoraji, wala ile ndogo uliyoikata kwenye WhatsApp. Tumia PNG yenye mandharinyuma isiyo na rangi (transparent), na asili yake ya vekta ihifadhi pembeni. Itengenezee pia toleo la rangi moja, maana wateja wengi huchapisha kwa nyeusi na nyeupe, na nembo ya njano juu ya nyeupe hupotea kabisa. Ukurasa wa mbele uwe wima na jedwali la vipimo lilale, la sivyo safu zake nyingi zitakulazimisha kutumia maandishi madogo yasiyosomeka. Chini ya pointi 8 usishuke.

Pembeni ya nembo kunahitajika maandishi. Kama ni kampuni iliyoandikishwa, weka jina lake kamili la kisheria, namba ya kampuni, anwani ya ofisi iliyoandikishwa na sehemu ya Uingereza ilikoandikishwa. Sheria inadai hayo kwenye barua za biashara, fomu za oda na tovuti, na mimi naona hakuna sababu ya cheti kuwa na machache kuliko barua. Kama unafanya kazi kwa jina la biashara bila kampuni, jina lako mwenyewe na anwani viwepo. Tatizo huwa pale nembo inaposema jina moja, saini iko kwa jina jingine, na usajili wa shirika uko kwa jina la tatu. Mteja akikutafuta kwenye rejista ya shirika hakuoni, na anaanza kuwaza vibaya. Andika jina lile lile, herufi kwa herufi, kama lilivyo kwenye usajili.

Nembo ya shirika ina masharti yake, na hapa nenda taratibu. Ipakue kutoka eneo la wanachama la tovuti yao, usiichukue kwenye picha za Google, ambako utakuta matoleo ya miaka kumi iliyopita. Usiibadilishe rangi, usiinyooshe, usiiunganishe na nembo yako kana kwamba ni kitu kimoja. Iache ipumue, na namba yako ya usajili iandikwe karibu nayo. Kama nembo yao ina alama ya UKAS (chombo cha Uingereza kinachotoa ithibati) ndani, soma kanuni za matumizi kwa makini zaidi, maana alama hiyo inahusu ithibati ya shirika lenyewe.

Jambo zito zaidi ni wigo. Usajili wako unaeleza kazi gani umeidhinishwa kufanya. Kusajiliwa kwa ajili ya ufungaji katika nyumba za kuishi hakumaanishi moja kwa moja kwamba umesajiliwa kutoa EICR. Ukiweka nembo ya shirika kwenye ripoti iliyo nje ya wigo wako, umemwambia mteja kwamba mtu wa tatu amethibitisha uwezo wako kwa kazi hiyo, na hakufanya hivyo. Kuonyesha alama ya ubora bila idhini ni miongoni mwa vitendo vilivyopigwa marufuku moja kwa moja na sheria ya ulinzi wa walaji, ambayo tangu Aprili 2025 imo ndani ya sheria ya 2024 ya masoko ya kidijitali, ushindani na walaji. Suluhisho ni kuwa na violezo viwili kwenye programu: kimoja chenye nembo ya shirika kwa kazi zilizo ndani ya wigo, kingine chenye nembo yako peke yake. Programu nyingi huweka nembo zote kwenye kila kitu mara tu ukizipandisha, kwa hiyo kagua EICR yako ya kwanza kabla haijatoka.

Namba ya cheti. Chagua mfumo usiojirudia na usioubadilisha kila mwaka kwa hamu tu. Aina ya hati, mwaka, na namba ya mfululizo vinatosha, mfano EIC-26-0031. Namba hiyo, anwani ya jengo na "ukurasa 3 kati ya 6" vionekane kwenye kila ukurasa. Karatasi hutengana. Wakala hukata ukurasa wa kwanza na kuutuma peke yake. Jedwali la vipimo likiokotwa bila namba halimhusu mtu.

Ukigundua kosa baada ya kutuma, usifungue faili, kurekebisha na kutuma tena kimyakimya kwa namba ile ile. Sasa kuna vyeti viwili vyenye namba moja na maneno tofauti, na hakuna awezaye kusema kipi ndicho. Toa toleo jipya, EIC-26-0031-R1, andika juu kwamba linachukua nafasi ya lile la tarehe fulani na sababu kwa sentensi moja, na la kwanza ulihifadhi.

Sasa penye kazi yenyewe: vipimo. Mkaguzi wa shirika anapokuja kwenye ziara yake, nembo anaitazama sekunde mbili, kisha macho yanakwenda kwenye namba, kwa sababu namba za uongo hazikubaliani zenyewe kwa zenyewe.

Chukua sakiti ya ringi ya soketi, waya wa 2.5 mm² na ethi ya 1.5 mm², breka ya 32 A aina B, kwenye nyumba ambayo Ze (ukinzani wa njia ya ethi iliyo nje ya nyumba) ni omu 0.25. Umepima ncha kwa ncha ukapata r1 (laini) 0.60, rn (nyutro) 0.60. Kwa kuwa ethi ni nyembamba zaidi, r2 (ethi) inapaswa kuwa takriban mara 1.67 ya r1, yaani 1.00. Ukijumlisha r1 na r2 na kugawa kwa 4 unapata R1+R2 ya 0.40. Ongeza Ze, na Zs inakuja 0.65. Ya juu inayoruhusiwa kwa breka hiyo kitabuni ni 1.37, na kwa kuwa unapima waya ukiwa baridi, unalinganisha na asilimia 80 yake, kama 1.10. Umepita. Sasa mtu aliyejaza akiwa ofisini utamjua: r1 0.60, r2 0.60, R1+R2 0.60, Zs 0.20. Ethi nyembamba yenye ukinzani sawa na laini, na Zs iliyo ndogo kuliko Ze. Ni kweli kwamba Zs iliyopimwa moja kwa moja inaweza kuwa ndogo kuliko hesabu, kwa sababu mabomba na bondi (nyaya zinazounganisha mabomba ya chuma na ethi) hutoa njia nyingine kwa mkondo. Hata hivyo, kipimo kama hicho hustahili maelezo kwenye nafasi ya maoni. Na Ze yenyewe hupimwa swichi kuu ikiwa imezimwa na waya wa ethi ukiwa umeachanishwa na bondi. Ukiupima bila kuuachanisha unapata namba nzuri isiyo ya kweli. Urudishe kabla hujawasha.

Angalia pia mkondo wa shoti, Ipf. Kwa Ze ya 0.25, volti 230 gawanya kwa 0.25 unapata 920 A. Kinachoandikwa ni kikubwa kati ya cha laini na nyutro na cha laini na ethi, kwa hiyo kwenye cheti hiki hakiwezi kuwa chini sana ya 0.92 kA. Ukiandika 0.5, kurasa zako mbili zinabishana. Halafu kuna wanaoandika 16 kA kila nyumba kwa sababu ndiyo namba waliyoambiwa na mgavi wa umeme. Hiyo ni thamani ya juu kabisa inayotangazwa, unaweza kuitumia, lakini useme wazi kwamba imetoka kwa kuuliza, si kwa kupima.

Ukinzani wa insulesheni hupimwa kwa volti 500 DC na usipungue megaomu 1. Mashine yako ikiishia 999, andika >999. Usiandike alama ya kutokuwa na mwisho, wala 1000 iliyonyooka. Kama DB ina SPD ambayo haikuweza kuondolewa, kipimo hushushwa hadi volti 250, na safu ya volti lazima ionyeshe 250. Sakiti zote kumi zikiwa na 500 V na >999 huku SPD imekaa pale pale, mkaguzi anajua hukupima, ama ulipima na ukaandika kingine.

Hapa ndipo programu zinapowaponza watu. Kitufe cha "nakili sakiti iliyotangulia" kiliwekwa kwa ajili ya aina ya waya na njia ya ufungaji. Kikitumika kwa matokeo, unapata RCBO (breka zenye RCD ndani) nane zote zinazoachia kwa milisekunde 28.4 sawia. Vifaa vinane haviwezi kulingana hivyo. Zima unakili wa safu za matokeo kama programu inaruhusu, na jaza pale pale ulipo DB, mashine mkononi. Mashine nyingi za kisasa zinatuma vipimo kwa Bluetooth hadi kwenye programu, ila hata hapo hakikisha namba ya sakiti kwenye mashine inalingana na ile kwenye simu kabla hujabonyeza.

Visanduku vitupu havikubaliki. Kisichohusika andika N/A. Ulichozuiwa kukipima andika LIM (limitation, yaani mpaka), na kwenye sehemu ya mipaka eleza kilichokuzuia na nani mlikubaliana naye. LIM nyingi bila maelezo zinaifanya EICR iwe karatasi ya kuuza tu. Kwenye EICR, alama za C1 (hatari ipo), C2 (inaweza kuwa hatari), C3 (inafaa kuboreshwa) na FI (ichunguzwe zaidi) ukizipa rangi nyekundu, chungwa na bluu, sawa, lakini herufi zibaki kubwa, kwa sababu kopi haina rangi. Na C1, C2 au FI hata moja ikiwepo, matokeo ni hairidhishi. Programu nyingine hukuruhusu kuchagua "inaridhisha" hata kama kuna C2 ukurasa wa pili. Hilo likitokea, wa kulaumiwa ni aliyesaini.

Kwenye EIC pia kuna nafasi ya maoni kuhusu mfumo uliokuwepo. Ukibadilisha DB na kukuta bondi ya gesi haipo, huwezi kunyamaza kwa sababu hukuajiriwa kwa hilo. Bila bondi ya 10 mm² kwenye nyumba yenye usambazaji wa kawaida, kazi yako mpya haiko salama, kwa hiyo unairekebisha kwanza. Kasoro nyingine za zamani zisizogusa kazi yako unaziandika hapo.

Saini. EIC ina matamko matatu: usanifu, ufungaji, na ukaguzi pamoja na upimaji. Ukiwa umefanya yote peke yako kuna fomu fupi ya saini moja, itumie. Kama kijana wako ndiye aliyefunga na wewe ukapima, kila mmoja asaini sehemu yake kwa jina lake. Picha ya saini iliyobandikwa kwenye kiolezo, inayotokea yenyewe kila cheti kinapofunguliwa, ndiyo njia ya haraka ya kujikuta umesaini usichokiona. Weka programu idai saini kwa kila cheti, irekodi tarehe na saa, kisha ifunge faili. Shirika lako pia limemtambua msimamizi mwenye sifa kwenye kampuni. Kwa sasa ni wewe, lakini ukiajiri, kisanduku cha "kimepitiwa na" kisisainiwe na aliyefanya kazi ile ile kama kuna mwingine wa kuipitia.

Tarehe ya ukaguzi ujao haijazwi kwa mazoea. Nyumba anayoishi mwenyewe kwa kawaida huwekewa miaka 10. Ya kupangisha England haizidi 5, kwa kanuni za 2020 zilizoanza Julai mwaka huo kwa mikataba mipya na Aprili 2021 kwa ile iliyokuwepo. Ripoti yako ikisema miaka 3 kwa sababu ya hali uliyoikuta, mwenye nyumba anafungwa na hiyo 3, kwa hiyo andika sababu.

Huyo mwenye nyumba ana siku 28 za kumpa mpangaji nakala baada ya ukaguzi, na siku 7 kuipa halmashauri ikiomba. Maana yake PDF yako itasambazwa na watu ambao hawajawahi kukuona. Jina la faili liwe na namba na anwani, lisiwe "scan0007 mpya FINAL". Picha za kasoro zipunguze hadi upana wa pikseli 1,200 hivi, vinginevyo EICR yenye picha 40 inakuwa nzito mno na barua pepe ya wakala inaikataa. Ukipiga picha ya DB, angalia pembeni kusiwe na picha za familia, barua za benki au ratiba ya dawa ya mtu. Cheti cha asili ni cha aliyeagiza kazi, na anayeomba nakala aelekezwe kwake.

Nakala zako zihifadhi angalau miaka 6, kwa kuwa ndio muda ambao sheria ya ukomo ya 1980 inampa mtu kudai kwa mkataba wa kawaida huko England na Wales. Mimi ningezihifadhi hadi upite ukaguzi ujao ulioupendekeza, hata kama ni miaka 10, sehemu mbili tofauti.

Mwisho, siku ukihamia shirika jingine au ukiacha kulipia usajili, nembo yao iondoke siku hiyo hiyo kwenye violezo, gari, ankara, saini ya barua pepe na stika unazobandika kwenye DB. Stika ndizo zinazosahaulika, kwa sababu bunda zima liko kwenye begi la zana. Vyeti ulivyotoa wakati usajili uko hai visibadilishwe. Vilikuwa sahihi tarehe vilipotolewa na vibaki na nembo ile ile.